Mstari Usiopita Kwenye Sifuri

Kabla sijajua kwamba kitu hicho kina jina, nilikuwa nakifahamu kwa miguu. Nimezaliwa juu milimani, Uluguru, kwenye mashamba yaliyosimama kama ukuta, ambako ukikaa vibaya wakati wa kupalilia unajikuta kwenye shamba la jirani. Kule kabichi ikikuponyoka, si kabichi yako tena. Na jiwe likichomoka chini ya jembe, hufanyi jambo lolote kabla ya kupiga kelele: "Jiwe!" Aliye chini haangalii juu kutafuta limetokea wapi. Anajibana kwenye ukingo wa tuta, anafunika kichwa, anasubiri lipite. Anayeangalia juu ni mgeni.

Mama yangu alikuwa na ujuzi wa kulizuia. Likianza tu kutembea alilitegea mguu palepale, hatua ya kwanza au ya pili, likasimama. "Likamate likiwa bado linafikiri," alikuwa ananiambia. "Likishamaliza kufikiri, mwachie Mungu." Nililielewa hilo nikiwa na miaka sita au saba. Jiwe lilelile ambalo hapa juu ulilizuia kwa kisigino, matuta matano chini lilikuwa linakata mgomba. Uzito wake haukuongezeka hata kidogo. Mwendo ndio uliokuwa unaongezeka, na haukuchoka kuongezeka.

Nikafika kidato cha tatu katika shule ya kata iliyojengwa mgongoni mwa mlima, saa moja na nusu kwa miguu kutoka nyumbani. Wanafunzi wa fizikia tulikuwa saba, msichana mimi peke yangu. Mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima, na nisiseme uongo, alijua kufundisha. Siku ya kwanza ya mada hiyo alipanda juu ya dawati, akavua kiatu kimoja, akakishika mkono huu na kipande cha chaki mkono ule, akaviachia pamoja. Vikagonga sakafu pamoja. Sisi tulicheka kwa sababu soksi yake ilikuwa na tundu. Hakujali. Alishuka, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha akageuka kutueleza kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha ubaoni tulikuwa tunakinakili tu kama mtu anayenakili namba ya gari.

Kitu kinachoanguka, alisema, hakina mwendo mmoja. Sekunde ya kwanza ikiisha kina mwendo wa kama mita kumi kwa sekunde. Ya pili ikiisha, ishirini. Ya tatu, thelathini. Kila sekunde dunia inakiongezea kiasi kilekile, haikipendelei kizito wala haikionei chepesi. Kiasi hicho ndicho mchapuko wa mvutano wa dunia: tisa nukta nane ukipima vizuri, kumi ukiwa na haraka.

Nilikaa nimeshika kalamu na sikuandika. Nilikuwa naliona lile jiwe la mama. Kumbe halikuwa linafikiri, lilikuwa linajumlisha. Kwenye mteremko linajumlisha polepole zaidi kuliko likianguka hewani, lakini ni hesabu ileile, na mtu anaweza kuiandika kwenye karatasi akajua litafika chini kwa mwendo gani kabla halijafika. Sijawahi kufurahi hivyo tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Nilikwenda nayo mbio kwa mjomba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Baba yangu alikuwepo, mtu mwema, lakini kwenye suala la kunisomesha au kutonisomesha alikaa kimya kama mgeni aliyekaribishwa chakula. Mjomba ndiye aliyetoa ruhusa, mjomba ndiye angeiondoa. Nilimweleza kwamba jiwe kubwa na jiwe dogo yakiachiwa pamoja yanafika pamoja. Akanitazama kwa huruma. Yeye alikuwa amebeba magunia tangu ujana, na shingo yake ilikuwa inajua tofauti ya kizito na chepesi kuliko kitabu chochote.

"Twende," akasema.

Kuna mwamba juu ya mto, mrefu kama nyumba mbili. Nikaachia jiwe la ukubwa wa kichwa na jingine la ukubwa wa yai. Maji yakapiga mara moja. Mjomba akasema dogo nimeliachia mapema. Nikarudia. Akasema mapema tena. Mara ya tatu akayashika mwenyewe, akayaachia, akasikiliza, akakaa kitako juu ya mwamba akatazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Basi soma," alisema baadaye, tukiwa njiani kurudi. "Ukiendelea na hiyo fizikia yako, mimi nitakusomesha mpaka cha sita. Wakikutoa, kuna cherehani kwa masista. Sitaki katikati."

Mjomba wangu hakuwa mtu wa maneno mawili. Siku ile nililiona hilo kuwa baraka. Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja: niende kidato cha tano kusoma fizikia, kemia na hisabati, na baada ya hapo nisome fizikia mpaka waniambie imeisha.

Sasa nieleze habari ya rula. Rula ya mita ilikuwa moja shule nzima. Haikutoka dukani, aliichonga seremala wa kijijini kwa mbao ya mninga, akachora mistari ya sentimita kwa kisu na kuandika namba kila baada ya kumi: kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Ilikaa mezani kwa mwalimu wa fizikia, na ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya pili mnaijua.

Kulikuwa na siku ya gulio, na siku ya gulio kabichi za mjomba zilipaswa kufika barabarani kabla gari la mizigo halijaondoka. Nilibeba tenga langu, nikalitua barabarani, nikapanda tena mlima kwenda shule. Nilifika somo la kwanza limekwisha. Mwalimu hakuuliza. Alisema kama alivyokuwa anawaambia wote, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeita majina: "Simama wima. Inua mikono."

Unainua mikono ili mgongo unyooke. Alinipiga nne. Kwenye ya nne nilisikia mlio ambao haukuwa wa mgongo, na kitu kidogo kikaruka kikaangukia karibu na mguu wangu, kidogo kama kifungo cha koti. Ncha ya rula ilikuwa imekatika upande. Mwalimu aliitazama kwa masikitiko. Aliisikitikia rula. Akatoka nayo nje, akaisugua kwenye ngazi ya saruji mpaka ikawa sawa na laini, akarudi, akaendelea na somo. Nilikaa nikilia na sikufikiria rula tena. Nani mwenye akili angefikiria rula?

Miezi saba baadaye likaja jaribio la vitendo la kumaliza mwaka. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba atakayeshindwa atatoka kwenye fizikia, kwa sababu hataki mtu wa kumharibia matokeo ya kidato cha nne. Kazi yenyewe ilikuwa ya pendulamu. Unafunga kitu kizito kwenye uzi, unakining'iniza, unakiacha kibembee, unahesabu muda. Tulitumia nati ya gurudumu la lori. Uzi mfupi unabembea haraka, mrefu unabembea polepole, na uzito wa nati hauna neno. Unapima urefu wa uzi mara tano, kila mara muda wake, muda unauzidisha kwa wenyewe, halafu unachora grafu: urefu huku chini, muda uliozidishwa kule pembeni. Nukta zinapangana kwenye mstari ulionyooka. Ukijua mstari huo umeinama kiasi gani, umeipata ile tisa nukta nane. Yaani mtu anakaa darasani, na uzi na nati, anaipima dunia nzima inavuta kwa kiasi gani. Mpaka leo nikilisema hilo, nywele zinanisimama.

Wenzangu walihesabu mabembeo ishirini. Mimi nilihesabu hamsini, maana nilitaka muda wangu usiwe na doa. Rula nilipokezwa, nikaweka ncha yake pale uzi ulipofungwa, nikasoma namba katikati ya nati. Nikaandika. Nikachonga penseli ikawa kali kama sindano, nikaweka nukta zangu tano. Zilikaa kwenye mstari kama nguo zilizoanikwa. Nikaweka rula ndogo, nikachora.

Mstari haukupita kwenye sifuri.

Ulipita pembeni kidogo, miraba midogo miwili kulia. Nilijua unatakiwa kupita kwenye sifuri, mwalimu alishasema, na akili inakubali: uzi usio na urefu hauwezi kuwa na muda wa kubembea. Nilitazama kwa wenzangu. Wote sita nukta zao zilikuwa zinataka kwenda pembeni kama zangu, na wote sita walikuwa wameukamata mstari kwa nguvu na kuuburuta mpaka kwenye sifuri. Mmoja aliniona nasitasita akaninong'oneza, "We, lazimisha!" Nikaweka rula kwenye sifuri, nikaona nukta zangu za chini zinabaki nje ya mstari, nikashindwa. Zilikuwa nukta za kweli. Nilikuwa nimezihesabu moja moja.

Nikapiga hesabu kwa mstari wangu. Nikapata tisa nukta nane. Wenzangu walipata kumi na kitu, wakafuta kitu, ikabaki kumi.

Karatasi zilirudi baada ya siku tatu. Mwalimu aliniita mbele.

"Mstari wako unapita wapi?"

"Kwenye nukta zote, mwalimu."

"Nimekuuliza sifuri."

"Haupiti."

"Uzi ukiwa hauna urefu, utabembea?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama mbele ya wavulana sita, na nilichokuwa nacho kilikuwa nukta tano.

"Na mstari mbovu namna hii umekupaje tisa nukta nane kamili?"

"Nimepiga hesabu, mwalimu."

"Umepiga chabo," akasema. "Jibu umelitoa kitabuni, halafu ukashindwa kuchora mstari wa kufanana nalo. Wenzako wamepata kumi, kumi ni jibu la mtu aliyepima. Wewe umenakili."

Aliandika sifuri kwa wino mwekundu, kubwa, na chini yake maneno mawili: Umepika majibu. Wale sita waliopika kweli waliendelea na fizikia. Sina kinyongo nao. Uongo, ninacho, ila kidogo.

Nilipeleka habari kwa mjomba mwenyewe, kwa sababu shule ingeipeleka vibaya zaidi. Alikuwa anakata majani ya mbuzi. Nikamwambia sikunakili. Akaniuliza, "Mstari ulipita au haukupita?" Nikasema haukupita. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sijui. Akarudi kwenye majani yake. Aliuliza swali la haki, na kwa hilo ninamchukia hata zaidi, kwa sababu laiti ningekuwa na jibu nadhani angevaa viatu siku ileile akaenda shuleni. Mtu aliyewahi kukaa juu ya mwamba akakubali kuwa mikono yake imemdanganya angeweza kunisikiliza. Lakini nilisema sijui. Nikamaliza kidato cha nne bila fizikia, na mwezi uliofuata nikawa kwa masista, nimekaa mbele ya cherehani, nakanyaga.

Watu wanapenda kuniambia kwamba ushonaji ni kazi nzuri. Ni kazi nzuri. Ina mkono wake na akili yake, na nimeijua vizuri kuliko wengi. Nina kibanda changu Mafiga, nina wateja wanaotoka mpaka Dumila na nguo zao kwenye mfuko wakipita mafundi kumi njiani. Sitaki mtu anionee huruma. Ila nisiambiwe pia kwamba Mungu alikuwa na mpango. Ile ilikuwa rula, haukuwa mpango.

Nitaeleza nilivyojua. Kila fundi ana futi ya zamani ambayo kile kibati cha mwanzo kimeng'oka na nyuzi zimeanza kufumuka. Yangu niliikata kwa mkasi sehemu iliyochakaa, sentimita mbili hivi, na tangu hapo nikawa naanzia kwenye kumi halafu natoa kumi, kama mafundi wote wanavyofanya. Basi nikapata kazi ya sare za kwaya ya kigango chetu. Nikaenda kanisani na futi mpya, nikawapima kinamama wote kwa utulivu. Kukata, nilikata kibandani, na futi iliyokuwa juu ya meza ilikuwa ile ya zamani, na Pasaka ilikuwa inanikimbiza, nikasahau kuanzia kumi. Nikaanzia nchani.

Walikuja kujaribisha siku ya Jumamosi, na kibanda kikawa kama mashine ya kusaga. Hakuna hata mmoja aliyetoshewa. Niliwapanga, nikapima upya, nikaandika kila kipimo pembeni ya kile cha kwanza. Mama mnene kuliko wote, kiuno kimepungua sentimita mbili. Binti mwembamba kuliko wote, kiuno kimepungua mbili. Mkono mrefu, mbili. Mkono mfupi, mbili. Ningekuwa nimekosea kukata ovyo, kila mmoja angekuwa na kasoro yake. Kasoro ilikuwa moja, ileile, kwa kila kipimo, kikubwa na kidogo. Mwanakwaya mmoja alikuwa ananitukana kwa sauti nzuri sana ya kwanza, na mimi nilikuwa nimesimama na futi mkononi, nimerudi darasani.

Ile karatasi ya grafu sijawahi kuitupa. Ilikuwa kwenye daftari langu la vipimo, la zamani, kati ya kifua cha marehemu padri mmoja na kiuno cha bibi harusi ambaye sasa ana wajukuu. Nilipowatuliza wale kinamama na kuahidi kutoa pindo zote, nikaifungua. Mstari ulikata ule mhimili wa chini miraba miwili kutoka sifuri. Kila mraba mdogo nilikuwa nimeuhesabu kama sentimita moja.

Mbili. Kifungo cha koti pamoja na kilichosuguliwa kwenye ngazi.

Kila urefu niliousoma siku ile ulikuwa umezidi sentimita mbili, kwa sababu rula ilikuwa inaanzia kwenye mbili na hakuna namba ya kunionyesha mpaka kwenye kumi. Kosa lilikuwa moja kwa nukta zote tano, kwa hiyo mstari mzima ulisogea pembeni bila kubadilisha mwinamo wake. Na mvutano wa dunia haukai kwenye sifuri, unakaa kwenye mwinamo. Ndiyo maana nilipata tisa nukta nane. Wale waliouburuta mstari mpaka sifuri ndio waliouharibu. Grafu yangu ilikuwa imesema mambo mawili ya kweli siku moja: dunia inavuta kiasi gani, na rula imevunjika kiasi gani. Jambo la pili lilitoka mgongoni kwangu, na nikapewa sifuri kwa kulichora.

Wiki iliyofuata nilining'iniza kufuli kwenye fremu ya mlango wa kibanda kwa uzi wa kushonea, nikahesabu mabembeo kwa saa ya simu. Kwanza kwa futi nzima: mstari ukapita kwenye sifuri, safi. Halafu kwa futi iliyokatwa: ukapita pembeni, miraba miwili, mwinamo uleule. Mteja aliyekuja kuchukua suruali alisimama nje akanitazama nikihesabu huku kufuli linakwenda na kurudi. "Fundi," akasema, "unamroga nani?" Nikamwambia nitamjulisha.

Mjomba alikuwa ameshafariki. Nilipanda mlima nikamwambia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ndani ya beseni la maharage, halafu akasema, "Sasa unayo sababu." Kisha akaniuliza kama nitakula.

Na mwaka jana mwalimu akaingia kibandani.

Nilimjua kabla hajakunja mwavuli. Amestaafu, ana nyumba yake hapa Morogoro, mvi zimemkaa vizuri. Alikuwa na kitambaa cha suti chini ya kwapa. Binti yake alikuwa anahitimu uhandisi, yeye alitaka suti ya kuvaa kwenye mahafali hayo, na pale Msamvu kuna mtu alimwambia kuna fundi Mafiga asiyekosea kipimo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe nilikufundisha?" Alifurahi kweli. Walimu hufurahi hivyo. "Shule ipi?"

Nikamtajia.

"Aa, kule juu! Mlikuwa wagumu ninyi, lakini tuliwanyoosha. Nilikufundisha fizikia?"

"Kidogo," nikasema.

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miaka na nilikuwa na hotuba nzima. Hotuba ikanikimbia. Nikafungua daftari, nikatoa karatasi, nikaiweka mezani juu ya kitambaa chake. Akavaa miwani. Alitazama grafu, na kidole chake kikaenda chini kushoto chenyewe, bila kutumwa.

"Mstari huu haupiti kwenye sifuri," akasema.

Nikamweleza. Nilieleza polepole, kama alivyokuwa ananieleza yeye: kosa moja kwa kila kipimo, mstari unasogea, mwinamo haubadiliki. Alikuwa mwalimu mzuri, na mwalimu mzuri anaelewa haraka. Niliona sekunde ambayo alielewa. Akavua miwani.

"Ile rula," akasema. "Naikumbuka. Ilikuwa imevunjika ncha."

"Ulijua?"

"Nilijua, sana tu. Wa kidato cha nne nilikuwa nawaambia waondoe mbili." Akasita. "Ninyi wa cha tatu lilikuwa jaribio la ndani tu."

Jaribio la ndani tu. Miaka yote nilikuwa nimemsamehe kwa kutojua, kumbe nilikuwa nasamehe kitu ambacho hakipo. Alijua rula ni fupi, akasahau kutuambia, akaona grafu inayomwonyesha ufupi wake kwa sentimita kamili, akaniita mwizi.

"Unakumbuka ilivunjikia wapi?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Nani atakumbuka? Zilikuwa zinavunjika."

"Ilikuwa moja tu, mwalimu. Ilivunjikia mgongoni kwangu. Nilikuwa nimetoka kupeleka kabichi barabarani."

Nje pikipiki ilipita, ikarudi, ikapita tena. Nilidhani ataomba radhi, na nilijua kabisa kwamba akiomba nitalia, na sikutaka kulia juu ya kitambaa cha mtu. Lakini alinyoosha mkono mezani, akachukua chaki yangu ya kuchorea nguo, akaivuta karatasi karibu yake. Alikuwa anataka kunisahihishia. Alitaka kuikata ile sifuri nyekundu na kuniandikia alama.

Nikaitoa chaki mkononi mwake, taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Chaki hii ni ya kitambaa, mwalimu."

Nikairudisha karatasi kwenye daftari. Futi mbili zilikuwa zimening'inia ukutani, nzima na iliyokatwa, na yeye aliziona zote, maana macho yake yalikwenda pale yakabaki pale. Nadhani alikuwa anasubiri ajue nitachukua ipi. Nikamwacha asubiri kidogo.

"Simama wima," nikamwambia. "Inua mikono."

Akainua. Nikashusha ile futi nzima, nikamzungushia kifuani kuanzia sifuri, nikaandika namba yake kama ilivyokuwa.